Siku ya Kwanza ya Ziara ya Basi Italia: Kutoka Fiumicino Mpaka Kitandani

Kila kikundi kinapokaribia kuondoka, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Nibebe yuro ngapi? Tukifika tunakwenda kulala kwanza? Nikichelewa kidogo basi litanisubiri? Mbona dereva ana haraka hivyo? Nimesindikiza vikundi vya parokia na vya kina mama wa VICOBA kutoka Moshi na Dar es Salaam kwenda Italia, wengi wao wakiwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza, na maswali hayo nimeyajibu kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, hata nikiwa ndani ya foleni ya uwanja wa ndege. Sasa nayaandika.

Mwongozo huu ni wa siku moja tu: siku mnayotua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, alfajiri, basi linawapokea, mnaiona Roma kidogo, mnalala, na asubuhi yake mnaelekea Assisi. Njia yenu inaweza kuwa nyingine, labda mnaanza na Firenze, au mnakwenda Padova kwa Mtakatifu Antoni. Siku ya kwanza hufanana.

Elewa kwanza saa ya dereva

Sisi tumezoea Coaster ya kukodi. Mnakwenda harusini, shangazi amechelewa kumaliza kusukwa, dereva anazima injini na mnamsubiri. Italia haiwezekani, na si kwamba dereva ana roho mbaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inampimia masaa yake. Aendeshe masaa 9 kwa siku, au 10 kwa siku mbili tu za wiki. Akiendesha masaa manne na nusu, apumzike dakika 45. Na ndani ya kila masaa 24 apate mapumziko ya masaa 11 mfululizo, ambayo kwa siku chache za wiki yanaweza kushushwa hadi 9. Mbele yake kuna kifaa kiitwacho takografu kinachorekodi kila dakika. Polisi wakisimamisha basi wanakisoma, na faini yake si ya kuombana radhi.

Sasa piga hesabu. Dereva akianza kazi 06:00 (saa kumi na mbili asubuhi), masaa yake yanaanza kuhesabiwa hapo, hata kama ninyi bado mko kwenye foleni ya pasipoti. Ili apate yale masaa 11, anapaswa awe ameegesha ifikapo 19:00 (saa moja jioni). Akiegesha 20:00, asubuhi haanzi kazi kabla ya 07:00. Kwa hiyo dakika mnazochelewa jioni mnazilipa asubuhi inayofuata.

Safari moja nilikuwa na watu 38. Wawili walibaki kwenye chemchemi ya Trevi wanapiga picha, wakatukuta kwenye basi baada ya dakika 25. Dereva hakupandisha sauti. Aliniita mbele, akagusa kioo kidogo cha takografu kwa kidole, akaandika kwenye kiganja changu kwa kalamu muda mpya wa kuondoka kesho. Asubuhi tulifika Assisi tumechelewa, mwongoza watalii wetu ameshapata kikundi kingine, na wazee wetu waliokuwa wameisubiri Basilika ya Mtakatifu Fransisko maisha yao yote waliipita harakaharaka. Ndiyo maana neno hili nalianza nalo kabla ya viatu na soketi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka nyumbani

Weka kwenye begi la mkononi, usiweke kwenye sanduku:

- Pasipoti, na nakala yake ya karatasi iliyokaa mfuko mwingine.
- Nakala zako mwenyewe za bima ya safari (ile ya viza ya Schengen, isiyopungua yuro 30,000), tiketi ya kurudi na ratiba ya siku zote.
- Orodha ya hoteli zote, anwani na tarehe. Utaona kazi yake mbele.
- Dawa zako zote za presha, sukari au pumu, kwenye paketi zake, pamoja na barua ya daktari.
- Nguo za kubadilisha za siku moja, na sweta.
- Khanga moja. Ni shuka kwenye ndege, mtandio kanisani, na kitu cha kukalia kwenye ngazi za mawe.
- Adapta ya soketi. Plagi zetu za pini tatu za mstatili haziingii kwenye soketi za Italia, zenye matundu ya mviringo. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo chaja haitaungua.
- Yuro taslimu. Badilisha nyumbani, kwa sababu shilingi huko hutapata wa kuichukua. Kwa siku ya kwanza, chakula kikiwa kimeshalipiwa, yuro 50 za noti ndogo zinatosha. Noti ya 100 itakusumbua kwenye duka la kahawa.

Sanduku liwe moja, na ulibebe mwenyewe kupanda ngazi za nyumbani kwako kabla ya kusafiri. Usipoliweza nyumbani, hutaliweza Roma. Lifunge kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, maana masanduku meusi ya kikundi kizima hufanana kama mapacha.

Usibebe nyama wala maziwa kutoka nyumbani, hata nyama iliyokaushwa vizuri kiasi gani. Umoja wa Ulaya unavikataza kwa abiria wanaotoka nje, na vikikamatwa vinatupwa. Maembe na parachichi nayo yaache. Chupa ndogo ya pilipili, iliyofungwa vizuri ndani ya sanduku, utanishukuru siku ya tatu.

Viatu: usivae vipya. Barabara za katikati ya Roma zimetandikwa vijiwe vya mraba vyeusi, wenyewe wanaviita sampietrini, na kila kimoja kina mgongo wake. Kiatu kisichozoea mguu wako kitakutoa malengelenge kabla ya mchana.

Kama kikundi chenu kinashona kitenge cha sare, shoneni. Kwenye uwanja wenye maelfu ya watu ninawaona watu wangu kutoka mbali, na wazee wanajua wamfuate nani.

Hatua kwa hatua

1. Nusu saa kabla ya kutua, jiandae ukiwa bado kitini. Ndege nyingi za kwetu zinazopitia Addis Ababa hutua Roma alfajiri. Nenda msalani ndani ya ndege, kwa sababu foleni iliyo mbele haina choo katikati. Rudisha saa ya mkononi nyuma: saa moja kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, masaa mawili miezi iliyobaki. Simu itajirekebisha yenyewe ukiiwasha.

2. Kwenye foleni ya pasipoti, shika karatasi zako mwenyewe. Kosa ninaloliona kila safari ni mtu kusema "kiongozi ana kila kitu", halafu kiongozi ameshavuka yuko upande wa pili. Ofisa anaweza kukuuliza unakwenda wapi, kwa siku ngapi, unalala wapi. Jibu kwa ufupi na umwoneshe ratiba. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo mpya wa kuandikisha wageni kwa kompyuta badala ya muhuri: utapigwa picha ya uso, na vidole vyako vitalinganishwa na vile ulivyotoa ulipoomba viza. Hilo huchukua muda. Usiondoke kwenye foleni kumsubiri mwenzako, kila mtu avuke kwa zamu yake, mtakutana kwenye mizigo.

3. Chukua sanduku lako, likague hapohapo. Kama halijatokea, au limevunjika, ripoti kwenye dawati la mizigo iliyopotea kabla ya kutoka kwenye ukumbi ule. Ukishatoka nje, kurudi ndani ni shida kubwa.

4. Hesabianeni kwa namba, msihesabiane kwa macho. Kila mtu apewe namba nyumbani, moja hadi wa mwisho, na mzee apangwe jirani na kijana. Mtu wa kwanza anasema "moja", anayefuata "mbili". Namba ikikosekana mnajua papo hapo ni nani. Kuhesabu vichwa kwa kidole huku watu wanatembea hakujawahi kunipa jibu sahihi mara mbili mfululizo.

5. Kabla ya kupanda, piga picha ya basi. Ubavuni na namba za gari. Mchana mtakuta mabasi meupe ishirini yamepangana, na yenu ndiyo mojawapo. Sanduku unampelekea dereva pembeni ya buti, yeye ndiye anayelipanga. Usilisukume mwenyewe ndani: anapanga kwa uzito, na anajua litakaloshuka kwanza.

6. Ndani ya basi, funga mkanda. Ni sheria, na faini ni ya abiria. Kiti cha mbele kabisa ni cha kiongozi na mwongoza watalii, usikikalie hata kama kina mwonekano mzuri. Viti vingine mzungushane kila siku, safu mbili mbele, ili malalamiko yasianze. Choo cha basi, hata kikiwepo, mara nyingi kinafungwa. Usikitegemee. Chakula cha moto na kahawa isiyo na kifuniko visipande. Msalimie dereva kwa "buongiorno" kila unapopanda. Ni neno moja tu, na dereva anayesalimiwa hubeba masanduku ya wazee bila kuombwa.

7. Andika muda wa kukutana kwa namba, namna zote mbili. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hatua hii imenipotezea watu kuliko zote.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Mwongoza watalii anasema tutaonana saa "eight", au "alle otto", na mtu mwema anayetaka kuwasaidia wazee anageuka na kutafsiri: "Amesema saa nane." Asubuhi moja niliingia kwenye chumba cha kifungua kinywa, basi limewashwa nje, nikamkuta mama mmoja wa Machame ametulia na chai yake ya tatu, kitambaa kichwani bado cha kulalia. Nikamwambia mama, tunaondoka. Akaniangalia kwa mshangao kabisa: "Mwanangu, si mlisema saa nane? Sasa hivi ni saa mbili." Alikuwa sahihi kwa kila neno.

Tangu siku ile, muda hautajwi kwa mdomo peke yake. Unaandikwa kwenye kundi la WhatsApp hivi: 08:00 (saa mbili asubuhi). Asiye na simu janja anaandikiwa kwenye karatasi. Na muda unaotangazwa ni wa makalio kuwa kwenye kiti. Anayeanza kutoka hotelini muda huo ameshachelewa.

8. Kunywa kahawa, tafuta sarafu, nenda choo. Vyumba vya hoteli havifunguliwi kwenu mpaka 14:00 au 15:00 (saa nane au saa tisa mchana), kwa hiyo hamwendi kulala. Najua mmechoka. Asubuhi inaanza na kituo kifupi cha kahawa. Kwenye baa nyingi za Italia unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, ndipo unaipeleka kaunta. Kahawa ya kusimama ni yuro moja na senti kadhaa, na ukikaa mezani bei inaweza kupanda mara mbili au zaidi. Ukiomba "latte" peke yake utaletewa glasi ya maziwa, hivyo sema "caffelatte" au "cappuccino". Chenji utakayopata, zile sarafu za senti 50 na yuro moja, zihifadhi kama dhahabu. Ndizo za vyoo vya kulipia.

Maji ya kunywa usinunue kila saa. Roma ina mabomba ya chuma mitaani yanayotiririka mchana na usiku, wenyewe wanayaita nasoni kwa sababu ya ile pua yake iliyopinda. Maji yake ni salama na ni baridi. Jaza chupa yako.

9. Matembezi ya kwanza yawe mafupi na ya sehemu moja. Basi kubwa haliruhusiwi kuzurura katikati ya mji. Linawashusha mahali palipopangwa kwa dakika chache, linaondoka, linarudi kwa muda uliowekwa. Kwa vikundi vya mahujaji mahali hapo mara nyingi ni Terminal Gianicolo, maegesho yaliyojengwa kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2000, ambayo hayako mbali na Mtakatifu Petro kwa miguu.

Kuingia Basilika ya Mtakatifu Petro ni bure, ila kuna foleni na mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege. Kisu cha kumenyea matunda kibaki kwenye basi. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, na hapo ile khanga inaanza kazi yake. Nimeshuhudia dada aliyetoka Mbeya mpaka mlangoni akazuiwa kwa ajili ya blauzi isiyo na mikono. Tulimfunga khanga ya jirani yake, akaingia akilia kwa furaha.

Mtapewa kifaa cha masikioni cha kumsikia mwongoza watalii. Hakikisha kiko kwenye chaneli yenu, la sivyo utajikuta unasikiliza Kijerumani. Sauti ikianza kukatika, hiyo ni ishara kwamba umeachwa nyuma. Inua kichwa uangalie kitenge.

Kabla hamjatawanyika kupiga picha, kiongozi awaoneshe kwa mkono mahali pa kukutana. Pale kwenye uwanja wa mbele ya basilika mimi hutumia ile nguzo ndefu ya jiwe katikati, iliyoletwa kutoka Misri na kusimamishwa hapo mwaka 1586. Ina urefu wa zaidi ya mita 25, hakuna asiyeiona. Kanuni yetu ni moja: ukipotea, rudi kwenye nguzo, usitembee kututafuta.

Pasipoti na pesa ziwe kifuani au kiunoni ndani ya nguo. Simu isikae mfuko wa nyuma. Wezi wa mifukoni wapo, hasa kwenye treni za chini ya ardhi, kituo cha Termini na basi la mjini namba 64 linalokwenda Vatikani, na hawafanani na wezi unaowafikiria. Mara nyingi ni wasichana nadhifu walioshika ramani.

10. Mchana usilale. Mkipata vyumba saa tisa, utavua viatu, utajinyoosha "dakika kumi tu", na utaamka saa nne usiku ukiwa na macho makavu mpaka alfajiri. Oga, badili nguo, shuka chini ukakae na wenzako. Kiangazi jua la Roma halizami mpaka karibu saa tatu usiku, na mwanga huo unakusaidia kukaa macho. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, hapo itabidi kiongozi awape watu kazi: kupanga viti vya kesho, kusali rozari pamoja, kuchaji vifaa.

11. Hotelini, kuwa na subira dakika ishirini za kwanza. Usishtuke hoteli ikiwa mbali na picha ulizoziona. Vikundi vya mabasi mara nyingi hulazwa pembezoni, karibu na ile barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 68 inayouzingira mji, kwa sababu huko basi linapata pa kuegesha. Mapokezi wataomba pasipoti. Wape. Sheria inawataka waandikishe kila mgeni polisi. Nisichokubali ni kuondoka asubuhi kabla kila mtu hajaishika ya kwake mkononi.

Kuna kodi ya mji inayolipwa hotelini kwa kila mtu kwa kila usiku, kulingana na nyota za hoteli. Tangu Oktoba 2023 hoteli ya nyota 4 ya Roma inatoza yuro 7.50. Uliza mapema kama imo ndani ya bei ya ziara yenu. Mara nyingi haimo, na watu hudhani wanaibiwa.

Chumbani, kadi ya mlango ndiyo inayowasha umeme: ichomeke kwenye kisanduku kilicho ukutani karibu na mlango. Na bafuni, tafadhali soma hili mara mbili. Herufi C kwenye bomba ni "calda", maji ya MOTO. Ya baridi ni F. Anayejua Kiingereza ndiye anayeungua zaidi, maana anadhani C ni baridi. Gusa kwa kidole kwanza, hasa kwa ajili ya watoto na wazee.

12. Chakula cha jioni: tambi ni mwanzo tu. Sahani ya kwanza ni tambi au wali wao. Nyama au samaki inafuata. Watu wetu hushiba sahani ya kwanza, kisha wanaikataa kuku kwa masikitiko. Maji, ukitaka yasiyo na gesi, sema "naturale". Waislamu na wasiokula nguruwe wapeleke taarifa wiki kadhaa kabla, na mezani wakumbushe "senza maiale", bila nguruwe, kwa sababu vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe hujificha hata kwenye mboga. Peperoni, kwa upande mwingine, ni pilipili hoho tu. Kula kwa amani.

13. Kabla ya kuzima taa. Sanduku lifungwe usiku huohuo, zibaki nje nguo za kesho na mswaki. Chaji simu. Weka kengele mbili. Tuma ujumbe mmoja nyumbani kwamba mmefika, kisha zima data ulale.

Mambo yakiharibika

*Sanduku halikufika.* Umesharipoti uwanjani na kupewa namba. Wape pia ile orodha ya hoteli na tarehe, kwa sababu kesho hamko Roma. Sanduku lililopelekwa hoteli ya Roma wakati ninyi mko Assisi, kilomita karibu 180, litawafuata nyuma safari nzima. Weka risiti za vitu vya lazima unavyonunua, ni za kudai bima au shirika la ndege.

*Mtu hayupo kwenye basi.* Pigeni namba yake. Asipopokea, kiongozi mmoja anabaki mahali pa kukutana na basi linaondoka na wengine kwa wakati wake. Msishuke wote kumtafuta, mtakuwa na watu kumi waliopotea badala ya mmoja. Kila mtu awe na kadi ya hoteli mfukoni. Aliyepotea kabisa anampa dereva wa teksi nyeupe kadi hiyo, bila kuhitaji Kiitaliano.

*Pasipoti imeibwa.* Nenda kituo cha polisi upate taarifa ya maandishi, kisha ubalozini. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Roma, na hiyo ni bahati: fanyeni hivyo kabla ya kuondoka mjini, msisubiri mfike Venezia.

*Mmepewa kitanda kimoja, nanyi ni marafiki tu.* "Matrimoniale" ni kitanda cha wanandoa. Waambie mapokezi "due letti", vitanda viwili. Mara nyingi kile kitanda kikubwa ni viwili vilivyosogezwa, na kutenganisha ni kazi ya dakika mbili.

*Miguu imevimba.* Baada ya usiku mzima kitini hutokea kwa wengi. Tembea, kunywa maji, inua miguu juu ya mto. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au kifua kikibana, hilo si la kusubiri asubuhi. Piga 112, ni bure, na mwambie kiongozi hata kama ni usiku wa manane.

*Dawa zimebaki nyumbani.* Tafuta msalaba wa kijani unaowaka, hilo ni duka la dawa. Onesha barua ya daktari au picha ya paketi. Dawa nyingi za presha zinahitaji cheti, kwa hiyo kiongozi awasiliane na namba ya bima mapema, usingoje kidonge cha mwisho.

*Umeamka saa tisa usiku na usingizi umekwisha.* Mwili wako bado uko nyumbani, ambako watu wanakaribia kuamka. Usiwashe simu, usianze kupanga sanduku na kumwamsha mwenzako. Kunywa maji, lala chali gizani. Kifungua kinywa kitakuwa mkate mtamu wenye umbo la pembe na kahawa, supu haipo. Kula vya kutosha hata kama hujazoea kitu kitamu asubuhi, kwa sababu hadi Assisi ni kama masaa mawili na nusu barabarani, na saa ya dereva haimsubiri mtu.